Boti Bila Mafuta: Jinsi Wadi Moja ya Bonde la Tana Ilivyotafuta Fedha za Kujiandaa kwa Mafuriko

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatoka katika wadi moja kando ya Mto Tana, upande wa chini, katika mojawapo ya kaunti ambazo mto huo unazipitia ukielekea Bahari ya Hindi. Majina ya kaunti, wadi, vijiji na watu yameondolewa. Viwango vya fedha vya wadi navyo havikutajwa, kwa kuwa vingetosha kuwatambulisha wahusika. Kilichobaki ni mfuatano wa mambo, maamuzi yaliyofanywa na sheria zilizoyabana.

Nimekiandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati za wadi, maafisa wa kaunti na vikundi vya kijamii wanaohudhuria vikao vya bajeti mwaka baada ya mwaka na bado hawaelewi kwa nini fedha za serikali za kujiandaa kwa maafa, ambazo kwenye makaratasi zipo, hazionekani maji yanapofika mlangoni. Nilishiriki kama mwezeshaji wa masuala ya bajeti, upande wa kamati ya wadi.

Usuli: mto, watu na mafungu ya fedha

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, kisha hupita katika mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, watu wa bondeni wanaweza wasione hata wingu. Siku kadhaa baadaye maji huwafikia jua likiwaka. Hali hiyo ni ya kutisha kwa mgeni, lakini ina faida kubwa kwa anayejiandaa: siku hizo kadhaa ni muda wa kufanya jambo, mradi habari ifike na mtu awe na ruhusa ya kuamua.

Wakazi wa wadi hii ni wakulima wa ukingoni, wanaopanda ndizi, maembe na mahindi kwenye udongo unaoachwa na mto, pamoja na wafugaji wanaoteremsha mifugo mtoni wakati wa kiangazi. Baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997/98 baadhi ya vijiji vilihamia sehemu za juu. Mafuriko ya 2018 yalisukuma vingine. Lakini mashamba hayahami. Watu wengi wana nyumba juu na kibanda chini, na msimu wa kulinda mazao dhidi ya nyani na viboko hulala huko huko shambani. Kwa hiyo anayewaambia "hameni tu" hajui wanakula nini.

Upande wa fedha, kamati ilikuwa na milango michache ya kubisha, na kila mlango una kanuni zake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha Mfuko wa Dharura, na matumizi yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Wengi hudhani huo ndio mfuko wa kujiandaa. Sivyo. Sheria inauelekeza kwenye mahitaji ya haraka ambayo hayakutarajiwa. Mafuriko ya Tana yanatarajiwa, na kujiandaa ni kukubali kwamba yanatarajiwa, hivyo kadiri unavyojenga hoja nzuri ya maandalizi ndivyo unavyojitoa kwenye masharti ya mfuko huo.

Mlango wa pili ni mpango wa FLLoCA (kifupi cha Kiingereza cha "Financing Locally-Led Climate Action"), unaopitishia kaunti fedha za serikali ya kitaifa, Benki ya Dunia na wafadhili wengine kwa ajili ya miradi ya tabianchi inayochaguliwa na wananchi. Mizizi yake ni mifuko ya tabianchi iliyojaribiwa awali Isiolo, Garissa, Kitui, Makueni na Wajir. Chini yake kila wadi huunda kamati ya kupanga, hufanya tathmini shirikishi ya hatari, kisha hupendekeza miradi. Huu ndio mlango uliokuwa wazi zaidi kwa wananchi wa kawaida. Tatizo lake ni kwamba ruzuku ya miradi ni ya uwekezaji: ujenzi, visima, vifaa. Aidha, fedha za aina hii haziingii kaunti mpaka Bunge lipitishe sheria ya mgao wa ziada kwa kaunti, na sheria hiyo imekuwa ikichelewa.

Kisha kuna bajeti ya kawaida ya idara ya kaunti inayoshughulikia mipango maalum. Humo ndimo vilimo vifungu vya mafuta, posho na matengenezo, na ndivyo vya kwanza kukatwa Hazina inapochelewesha mgao.

Mfuatano wa matukio

*Kuchagua miradi*

Kamati ya wadi ilipofanya mabaraza yake, matakwa yaligawanyika. Wazee walitaka tuta la kuzuia mto. Vijana walitaka boti. Akina mama walitaka uwanja wa shule ya msingi uinuliwe na ujengewe vyoo vya juu, kwa sababu mwaka 2018 walikaa kwenye shule hiyo wakiwa wamezungukwa na maji, vyoo vya shimo vikafurika na watoto wakaanza kuharisha. Mama mmoja alieleza jinsi walivyokuwa wakisubiri giza liingie ili wajisaidie. Hakuna aliyebishana naye.

Tuta liliachwa baada ya mhandisi wa kaunti kueleza kwamba litahitaji kilomita nyingi, na kwamba maji yatakayozuiwa upande mmoja yatasukumwa ng'ambo, kwa majirani. Yaliyobaki yaligawanywa kulingana na mlango. Uwanja, vyoo na tangi la maji vikaandikwa kwenye ombi la ruzuku ya tabianchi. Boti ikapelekwa idarani kama ombi la kifaa. Na jambo la tatu, ambalo halikuombewa fedha popote, lilikuwa vigingi vya kupimia maji.

Vigingi hivyo ni nguzo za mti zilizopakwa rangi ya kijani, njano na nyekundu, zikasimikwa mahali mto unapoanza kupinda kuingia wadi. Mvuvi mmoja na mwalimu mmoja walikubali kuvisoma asubuhi na jioni. Kulikuwa na mjadala mrefu kuhusu mahali pa kuweka rangi nyekundu. Wengi walitaka iwe kiwango ambacho maji huingia nyumbani, na mzee mmoja akaonyesha alama ya 2018 kwenye shina la mwembe. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mkulima, alikataa. Alisema maji hayamuui mtu nyumbani, humkuta shambani njia ikiwa imekatika. Nyekundu ikawekwa kwenye kimo ambacho maji huanza kuingia kwenye njia ya chini kabisa ya mashambani, chini sana ya alama ya mwembe. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa katika kisa hiki, na haukugharimu zaidi ya mikebe ya rangi.

*Boti inafika*

Boti ilifika Juni 2023, siku chache kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Ni kawaida ya Juni: idara hukimbilia kununua kabla ya fedha kurudi. Ilikuja na injini yake na maboya ya kuvaa, ikiwa juu ya trela. Haikuja na mafuta, wala mwendeshaji aliyefunzwa, wala banda. Ikaegeshwa katika ua wa ofisi ya kaunti ndogo, mbali na mto, ufunguo ukiwa kwa afisa mmoja.

Kamati ilikuja na wazo ambalo lilionekana kumaliza kila kitu: kikundi cha wavuvi kiitunze boti, siku za kawaida ibebe abiria na maembe kwa nauli ndogo, na nauli hiyo inunue mafuta na vipuri. Afisa wa fedha alilikataa, na alikuwa na sababu. Ibara ya 207 ya Katiba inataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Nauli ya boti ya kaunti ni mapato ya kaunti. Ingepaswa kupelekwa makao makuu, na kurudi kwake kungehitaji kupitishwa kwenye bajeti. Kikundi kikiitumia papo hapo, mkaguzi wa hesabu ataihoji.

Wajumbe walitoka kikao hicho wakiwa na hasira, wakiamini wamekwamishwa makusudi. Sidhani ilikuwa hivyo. Afisa yule alikuwa akilinda kanuni iliyowekwa ili fedha za umma zisipotelee mifukoni. Kasoro yake ni kwamba aliishia kwenye "haiwezekani" bila kuonyesha njia inayowezekana, na hakuna aliyemuuliza.

*Novemba 2023*

Utabiri wa mvua za vuli za 2023 ulizungumzia El Niño, kisha mwezi Oktoba serikali ikatangaza kwamba makali yake hayatakuwa kama ilivyohofiwa. Katika kaunti hii tangazo hilo lilikuwa na athari ya kifedha moja kwa moja: mkutano wa maandalizi uliahirishwa, na ombi la mafuta ya akiba likabaki kwenye faili. Mvua zilikuja, na Novemba bonde lote la chini likafurika.

Rangi nyekundu ilifikiwa jioni. Mvuvi alimpigia mwalimu, mwalimu akampigia mwenyekiti na naibu wa chifu, na kila kiongozi wa kijiji akapigiwa. Salio la simu lilitoka mifukoni mwao. Usiku huo huo walio mashambani walianza kupanda kwenda sehemu za juu. Wengi walitembea kwa miguu, kwa sababu njia ilikuwa bado inapitika.

Boti haikutoka. Afisa mwenye ufunguo alikuwa makao makuu ya kaunti. Gari la kuvuta trela halikuwa na mafuta. Barua ya idhini ilihitajika, na wa kutia saini hakupatikana kwenye simu. Kwa siku mbili waliobaki chini walivushwa kwa mitumbwi ya wavuvi, kazi ya hatari kwenye maji yenye kasi na magogo. Siku ya tatu boti ilipofika mtoni, iligunduliwa kwamba injini yake hutaka petroli iliyochanganywa na oili maalum. Mwenye duka mmoja alikuwa na petroli kwenye madumu, na oili ikapatikana kwa mtu mwenye msumeno wa petroli wa kukatia mbao. Mwenye duka alitoa mafuta kwa mkopo, akaendelea kuyatoa mpaka maji yalipopungua, akiandika kila dumu kwenye daftari la madeni.

Uwanja wa shule ulikuwa nusu tu umejazwa udongo, kwani awamu ya kwanza ya ruzuku ilikuwa imechelewa. Nusu hiyo ilibaki juu ya maji.

*Kati ya misimu miwili*

Januari 2024 kamati iliomba kikao na idara, safari hii bila wanasiasa. Ilikuja na orodha ya mambo yaliyoshindikana Novemba, kila moja likiwa na saa: nyekundu ilifikiwa saa ngapi, simu ilipigwa saa ngapi, ufunguo ulipatikana lini. Karatasi hiyo moja ilibadilisha mazungumzo. Hapakuwa na nafasi ya kulaumiana kwa jumla jumla.

Yalikubaliwa mambo matatu. La kwanza, boti iliingizwa rasmi kwenye rejista ya mali kama chombo cha usafiri cha idara. Inasikika kama utaratibu mtupu wa ofisi, lakini kabla ya hapo mafuta yake hayakuwa na kifungu. Baada ya hapo yaliweza kutozwa kwenye kifungu kile kile cha mafuta ya magari, na idara ikaiongeza boti kwenye mkataba wa muda na kituo cha mafuta, ambao sheria ya ununuzi ya 2015 inauruhusu: msambazaji na bei huamuliwa mapema, kisha unaagiza kadiri ya haja bila kuanza zabuni upya.

La pili, yaliandikwa makubaliano ya kuikabidhi boti kwa kikundi cha wavuvi kilichosajiliwa. Umiliki ulibaki kwa kaunti. Kikundi kingeiweka kando ya mto, kingeiwasha mara kwa mara ili injini isikwame, na kingeitumia kwa mafunzo, bila nauli. Suala la Ibara ya 207 likaisha kwa sababu hapakuwa na mapato.

La tatu lilikuwa idhini. Idara ilitoa waraka wa ukurasa mmoja unaosema kwamba rangi nyekundu ikifikiwa, mwenyekiti wa kamati na naibu wa chifu, wakikubaliana wawili, wanaweza kuitoa boti na kuagiza mafuta hadi kiwango kilichotajwa, na maelezo yafuate ndani ya siku chache. Afisa wa fedha ndiye aliyeandika kifungu cha kikomo. Yule yule.

*Aprili na Mei 2024*

Mvua za masika za 2024 zilipiga nchi nzima. Shule ambazo zilipaswa kufunguliwa Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13. Mabwawa ya Seven Forks yalijaa na kufurika. Mwishoni mwa Aprili boti iliyokuwa ikivusha watu upande wa Madogo, karibu na Garissa, ilizama na watu wakafa, na habari hiyo ikawatia hofu waendeshaji wa wadi hii, jambo ambalo naona lilisaidia: hakuna aliyevushwa bila boya baada ya hapo.

Safari hii boti ilikuwa majini siku ile ile nyekundu ilipofikiwa. Mafuta yalichukuliwa kwa mkataba. Uwanja ulikuwa umekamilika na ulibeba familia zote za wakulima waliokimbilia huko.

Vyoo havikuwepo. Mkandarasi alikuwa amejenga misingi na kusimamisha kazi kwa kutolipwa. Wanaume walichimba mashimo kwenye udongo uliojazwa, wakayazungushia maturubai. Na wafugaji hawakuja uwanjani kabisa. Walikwenda kwenye tuta la barabara kuu na ndama na mbuzi wao, wakakaa huko bila maji safi, kwa sababu uwanja haukuwa na mahali pa mifugo na hakuna mfugaji atakayeacha ndama azame ili yeye alale penye tangi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kugawa ombi kulingana na mlango wa fedha, badala ya kuandika ombi moja kubwa la "kukabiliana na mafuriko", ulipingwa mwanzoni. Wajumbe waliona unapunguza uzito wa jambo. Hoja iliyoshinda ni kwamba hakuna ofisi yenye fedha za "mafuriko". Kuna ofisi ya ujenzi, ya vifaa, ya mafuta, na kila moja hujibu karatasi inayolingana na kifungu chake. Ombi lisilolingana na kifungu halikataliwi, hupigwa muhuri wa kupokelewa na kukaa.

Uamuzi wa kukataa nauli ulikuwa mgumu zaidi. Nauli ingeipa boti uhai wa kila siku, na kifaa kinachotumika kila siku huwa kizima siku ya hatari. Kulikuwa na njia nyingine: kaunti kuihamishia boti kikundi moja kwa moja kama mali yake. Kamati haikuifuata kwa kuhofia kwamba kikundi kikigawanyika boti itauzwa, na kwa kuwa taratibu za kuhamisha mali ya umma ni ndefu, msimu ungewakuta bado wanatafuta saini. Walichagua njia dhaifu kidogo inayowezekana kabla ya Machi.

Kuhusu kuupuuza Mfuko wa Dharura: kamati haikuupuuza kwa kuudharau. Ilielewa kwamba mfuko huo ungefaa baadaye kwa chakula na makazi ya muda, na ikaacha kupoteza vikao kuuombea mambo ambayo sheria yake haiyaruhusu.

Matokeo

Katika misimu yote miwili watu wa wadi hii walitoka mashambani kabla njia haijakatika, isipokuwa wachache waliovushwa. Hakuna aliyefariki kwa maji ndani ya wadi. Mazao ya ukingoni yalipotea mara zote mbili. Kuharisha kulitokea tena uwanjani Mei 2024, ingawa tangi la maji lilikuwa likifanya kazi, na wahudumu wa afya ya jamii walikuwa wa kwanza kusema ni kwa sababu ya vyoo. Boti ingali nzima.

Deni la mafuta ya Novemba halijalipwa. Mwenye duka hakuwa na hati ya ununuzi iliyotangulia, na bila hati hiyo mfumo wa malipo hauna pa kuanzia.

Uchambuzi

Jambo kubwa ninaloliona hapa ni hili: serikali yetu inajua kununua maandalizi, lakini haijajipanga kuyatumia. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na ni sheria nzuri, iliyowekwa ili mishahara isile kila kitu. Lakini katika mpangilio huo boti ni maendeleo na petroli ni matumizi ya kawaida. Uwanja ni maendeleo, lakini anayefagia mifereji yake ni matumizi ya kawaida. Mtu anayesoma kigingi saa kumi na mbili asubuhi hana jina kabisa kwenye vitabu. Maandalizi ya maafa, ukiyatazama kwa makini, yako zaidi upande ule wa pili: simu, mafuta, mazoezi, posho, ufunguo ulio karibu. Ndiyo maana bohari za kaunti nyingi zina vifaa vizuri vinavyoshika vumbi, na viongozi husimama mbele yake wakisema kwa dhati kwamba wamejiandaa.

Wadi hii iliziba sehemu ya pengo hilo bila kupata shilingi mpya. Rejista, mkataba na waraka wa idhini havikuwa fedha. Vilikuwa njia ya kuzifikia fedha zilizokuwepo tayari kwenye kifungu cha mafuta ya magari. Ningemshauri mjumbe yeyote wa kamati aombe kuona vifungu vya idara kabla hajaandika ombi lolote. Ni haki yake: Katiba, Ibara ya 201, inataka uwazi na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha. Mara nyingi fedha anayoiomba ipo, ila kifaa chake hakijaandikwa mahali pa kuigusa.

Waraka wa idhini unastahili kuangaliwa peke yake. Kati ya Novemba na Aprili mto haukubadilika, boti ilikuwa ile ile, na petroli iliyotumika siku za kwanza haikuwa nyingi. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kusema "tokeni". Watu wengi serikalini huogopa kushusha mamlaka hayo kwa hofu ya matumizi mabaya, na hofu hiyo si ya bure. Dawa yake ilikuwa kikomo cha kiasi, saini mbili na alama ya rangi ambayo kila mtu anaiona. Huwezi kudai mafuta mto ukiwa kwenye kijani.

Yaliyoshindwa hayakushindwa kwa bahati mbaya. Vyoo vilikwama kwa sababu viliwekwa awamu ya mwisho ya mradi, na awamu ya mwisho ndiyo hukatwa na ucheleweshaji wa mgao. Laiti vyoo vingetangulia, uwanja nusu wenye vyoo ungekuwa na afya kuliko uwanja mzima usio navyo. Fedha zinapojulikana kuja kwa vipande na kwa kuchelewa, mpangilio wa kazi lazima ufuate swali la nini kitafaa ikiwa kipande cha pili hakitakuja. Mhandisi alipanga kwa mantiki ya ujenzi: udongo kwanza, majengo baadaye. Angeweza kujaza kona moja na kuikamilisha.

Kuhusu wafugaji, kosa lilianza mapema sana. Mabaraza ya kuchagua miradi yalifanyika kwa kufuata kalenda ya bajeti: mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwasilishwe bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa sera ya fedha kabla ya Februari 28, makadirio kabla ya Aprili 30. Tarehe za mabaraza zilipangwa nyuma ya tarehe hizo, na ziliangukia wakati ambapo wafugaji wengi walikuwa mbali wakifuata malisho. Waliohudhuria walikuwa wazee wachache na vijana wa bodaboda. Hakuna aliyesema "na ndama?" kwa sababu wenye ndama hawakuwepo. Kwenye orodha ya mahudhurio wadi nzima ilionekana kuwakilishwa, na hapo ndipo hatari ya kutegemea orodha ilipo. Katika bonde lenye historia ya ugomvi kati ya wakulima na wafugaji, uwanja wa umma unaotumiwa na upande mmoja tu si upungufu wa kiufundi pekee.

Na kuna mwenye duka. Novemba yeye ndiye aliyekuwa bajeti ya dharura ya wadi. Kutolipwa kwake kumeonekana na kila mfanyabiashara wa eneo hilo, na gharama ya jambo hilo haiandikwi popote: siku mkataba wa kituo cha mafuta utakaposhindwa, kwa barabara kukatika kwa mfano, hakuna atakayetoa dumu lake tena. Kaunti inayotaka kuokoa fedha za maandalizi ingeanza kwa kulipa madeni kama hayo, yaliyo madogo kwake na makubwa kwa wanaodai.

Yaliyobaki mezani

Waendeshaji wa boti walifanya kazi wiki kadhaa bila posho. Wawili waliacha wiki ya pili kwenda kuokoa vitu vyao wenyewe, na hakuna aliyewalaumu. Kamati imeandika ombi la kifungu cha posho za wajitolea kwa siku ambazo rangi ni nyekundu tu, pamoja na salio la simu la wasoma vigingi, na imelipeleka idarani liingizwe kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1. Idara imejibu kwamba mpango huo ni wa miradi, posho si mradi, hivyo suala hilo litazamwe kwenye makadirio ya matumizi ya kawaida mwezi Aprili. Kamati imeomba jibu hilo kwa maandishi. Baraza lijalo la wadi limesogezwa hadi wakati mifugo itakaporudi mtoni, na litafanyika kwenye tuta la barabara badala ya shuleni. Deni la duka limewasilishwa kwa kamati ya kaunti inayohakiki madeni, likiambatanishwa na nakala ya kurasa za daftari na barua ya naibu wa chifu inayothibitisha tarehe.